Suti Isiyo na Ezansi

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka ishirini na moja, na kazi yangu ilikuwa kugawa majaketi ya kuelea kwenye machimbo ya zamani, mashariki ya Johannesburg. Wachimbaji walikwisha kuondoka siku nyingi, shimo likajaa maji, na bosi wetu akasimika nguzo mbili na kutandika kebo kati yake. Unafungwa ubao miguuni, unashika mpini, kebo inakuvuta juu ya maji mpaka uanguke. Wenyewe wanauita mchezo huo weikibodi. Watu wanalipa ili waanguke, kisha wanalipa tena.

Mimi nilijifundisha. Majira yote ya joto niliwatazama wateja, na nikitoka kazini niliingia kwenye duka la intaneti pale Jeppestown, mtaa tuliokaa, kutazama video bila sauti, nikiisimamisha picha kila goti lilipokunjwa. Jioni, wateja wakishaondoka, mwendesha kebo, kijana wa Kizulu aliyenizidi miaka michache, alikuwa ananivuta bure. Nilianguka mpaka siku moja nikazunguka shimo zima nimesimama. Nilifika ufukweni, sikuufungua hata ubao. Nilimwomba anivute tena, kwa sababu mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya.

Ndivyo nilivyo. Nafunga kifungo, nafungua, nafunga tena. Nikiwa chumbani nahisi mtu amesimama nyuma ya mlango. Najua ni nani, na najua hayupo. Baba yangu alipotea katika ziwa Tanganyika nilipokuwa mdogo, mashua ilipopinduka, na mwili wake haukupatikana. Kwetu Uvira, Kongo, kilio kinafungwa mwili ukishazikwa: watu wanaoga, nguo za marehemu zinagawiwa, ndugu wanarudi makwao. Sisi hatukuwa na mwili. Wazee walisema tungoje. Kisha vita vikaja, tukahama tukiwa bado tunangoja, na mama akafika Johannesburg na kilio ambacho hakikufungwa. Hakulia mbele yangu hata mara moja. Lakini hakuniruhusu kuoga kwenye beseni kubwa mpaka nilipoota ndevu.

Juu ya ubao tu, kebo ikivuta, ndipo nyuma yangu palikuwa patupu. Sina sababu nyingine ya kuupenda mchezo ule. Mama alidhani kazi yangu inaishia nchi kavu, kwenye majaketi.

Mwezi wa tano nyasi zikakauka, asubuhi zikaanza kuuma masikio. Bosi, Mzungu mnene mwenye sauti ya upole, alituita sote.

"Kuanzia sasa watakuja wendawazimu tu," akasema. "Nabakisha mmoja wa kuingia nao majini, awaonyeshe, awasaidie wakianguka. Wengine mtarudi mwezi wa tisa, joto likirudi. Nani ana wetsuti?"

Nikanyoosha mkono.

"Unayo kweli, boet?" Alituita sote hivyo, yaani kaka kwa Kiafrikana.

"Ninayo."

Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni hofu ya miezi ile mirefu chumbani, na mlango ule.

Wetsuti ni suti ya mpira wa sponji inayofunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni. Nilisoma habari zake kwa juma zima kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilijifunza kwamba unene hupimwa kwa milimita, kifua kikiwa kinene kuliko mikono ili uweze kujikunja. Kwamba mishono mizuri hugandishwa kwa gundi, na sindano isitoboe hadi upande wa pili. Kwamba kwa maji ya baridi kali mtu achukue nne au tano. Nilinakili yote. Jambo moja lililorudiwa kila mahali, kwamba lazima ikubane, nililisoma kama mtu anavyosoma onyo kwenye pakiti ya sigara. Kitu cha kunikaba shingo sikukitaka. Nikaamua kwamba unene utatosha.

Nikampata muuzaji wa Durban mtandaoni, mwenye suti moja ya milimita tano, iliyotumika kidogo. Akasema kwenye simu, nipe kifua, kiuno, nyonga na urefu, nikwambie kama itakufaa.

Mama ni fundi cherehani. Alikuwa na kona yake kwenye ghorofa ya pili ya kiwanda cha zamani, kati ya mafundi wengine waliotenganishwa kwa mbao, na chumba chetu kilikuwa nyuma ya pazia la kona hiyo hiyo. Alishona sare za kwaya, magauni ya vitenge, na makoti ya wazee wa kanisa.

"Mama, kazini wanatutafutia yunifomu. Wanataka vipimo."

"Yunifomu gani bila mimi? Waambie kuna fundi hapa."

"Ni ya mpira, mama. Ya baridi."

"Mpira! Hawa watu watavaa matairi sasa." Akavuta utepe shingoni mwake. "Simama vizuri, papa. Acha kuvuta tumbo, wewe si bwana harusi."

Kwetu mama humwita mwanawe papa, yaani baba, kwa mapenzi tu, na jina hilo tangu utoto sijawahi kulizoea vizuri. Alinizungushia utepe, akataja namba, nikaandika. Alipofika kifuani aliitaja namba. Akairudia kwa sauti ndogo.

"Umemfikia," akasema.

"Nani?"

"Inua mkono."

Mimi ninayehakiki kila kitu mara tatu, vipimo vile sikuvihakiki. Ni nani angerudia vipimo vya mama? Nilimpigia yule wa Durban nikamsomea. Akasema, safi sana, kama ilishonwa kwa ajili yako.

Ilifika kwa basi, ndani ya mfuko mweusi wa taka. Niliivaa kwenye kontena la kubadilishia nguo siku ambayo barafu nyembamba ilikuwa imeshika kwenye ngazi za mbao za kushukia majini, na maji yanafuka. Iliniingia vizuri, mguu, mkono, mgongo, bila shida yoyote. Nilifurahi. Nilidhani nguo inayoingia bila shida ndiyo inayofaa.

Kebo ikanivuta nikasimama. Nusu ya duara nilikwenda vizuri, nikaanguka kwenye kona ya mbali, pale kivuli cha mwamba kinapolala siku nzima.

Maji yaliingia shingoni. Nilitegemea tone, yakaingia kama mtu amemimina ndoo. Yalishuka mgongoni, yakajaa kiunoni, yakavimbisha mapaja. Pumzi ilinitoka na haikurudi. Jaketi lilinishikilia juu, sikuwa nazama, nalijua hilo, lakini suti ilikuwa na uzito wake. Kila nilipogeuka, uzito ule uligeuka nami, umechelewa kidogo, kama mtu aliyenipanda mgongoni na kunishika kiunoni kwa mikono miwili. Nikampiga kiwiko. Ndiyo, nilimpiga kiwiko mtu asiyekuwepo. Kisha nikamwita jina ambalo sikuwahi kulitamka nikiwa mtu mzima. Nilisema, "Baba, niache."

Mwendesha kebo alikuja na mtumbwi wa plastiki akanivuta kwa kola. Ufukweni alinifungulia zipu ya mgongoni, maji yakamwagika juu ya viatu vyake.

"Eish, mfowethu, ndugu yangu! Ulitaka kufuga samaki humu?"

Nilitaka kucheka, taya halikukubali. Bosi alikuwa amesimama na kikombe chake.

"Hiyo siyo wetsuti, boet, hiyo ni hema," akasema. "Uje Jumamosi na kitu kinachokubana. Kama huna, tutaonana mwezi wa tisa. Siwezi kumweka majini mtu atakayeganda."

Nilirudi nayo Jeppestown ndani ya ule mfuko. Sikuwa na mahali pa kuianika isipokuwa juu ya paa, kwenye kamba za wote, nyuma ya mablanketi ya majirani. Nikaenda kununua mkate. Niliporudi, mama alikuwa anashuka ngazi na suti ile mikononi. Hakuikunja. Ameibeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya mabega, mmoja chini ya magoti, miguu yake inaning'inia, inadondosha maji ngazi hadi ngazi.

"Nimepanda kuanua shuka," akasema. "Nimekuta mtu ananing'inia. Hana kichwa. Anatoka maji."

"Mama, ni ya kazini."

"Najua ni nguo. Mimi ni fundi. Nakuuliza ni ya nini."

Nilimwambia yote: ubao, kebo, majira yote ya joto, mwezi wa tano, mkono nilionyoosha. Mafundi wa upande wa pili walisimamisha cherehani zao ili wasikie vizuri. Mama aliilaza suti mezani, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Imeshonwa vizuri," akasema mwishowe. "Mbona imejaa maji?"

"Ni kubwa. Yanaingia shingoni."

"Kubwa vipi? Vipimo nilitoa mimi."

Nikachukua utepe. Nilijizungushia mwenyewe kifuani, nikamwonyesha namba. Haikuwa ile aliyonitajia. Aliitazama, na nikaona anaelewa kabla yangu. Fundi wa kwetu hapimi mwili akakutajia mwili. Anapima, anaongeza kichwani nafasi ya kuvuta pumzi, ya kukaa, ya kuinua mkono, na namba anayoitamka ni ya nguo. Nafasi hiyo mafundi wa Kongo wanaiita ezansi. Mama ameifanya hesabu hiyo kwa miaka mingi hivi kwamba ulimi wake hautaji tena kipimo kitupu.

"Niliweka ezansi," akasema.

"Si kosa lako. Hukujua ni ya maji."

"Naweka kila mahali. Mtu lazima apumue." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kifua cha ile suti. "Usiingie tena huko."

"Nataka kuingia, mama."

Akarudi kwenye cherehani yake. Nilikuwa na uwezo wa kwenda bila idhini yake, nilikuwa mtu mzima, nauli ya teksi yangu mwenyewe. Lakini nilijua nitakuwa pale majini, naye yuko hapa kwenye cherehani anajua, na kujua kwake kungenipanda mgongoni pamoja na yule mwingine. Sikutaka kwenda hivyo. Nilitaka aniambie nenda.

Siku zilizofuata hakusema habari hiyo. Alishona. Ila nguo zilizotoka mikononi mwake zilikuwa ngeni, hazina ezansi. Dada mmoja wa kwaya hakuweza kuinua mikono kusifu. Mzee wa kanisa alikuja kuchukua koti lake, akavuta vifungo, akavuta tena, uso ukamwiva.

"Mama, nimenenepa tangu juzi?"

"Ndiyo," mama akasema, bila kuinua macho.

"Kwa ugali gani huo?"

Fundi wa jirani akaangua kicheko. Mama alilichukua koti, akafumua mishono. Nilikuwa sijawahi kumwona akifumua kazi yake mwenyewe.

Siku ya Ijumaa mwendesha kebo alinifungulia stoo ya bosi, ambamo wateja walikuwa wameacha suti za miaka mingi. Zilitundikwa kwenye bomba, zote nyeusi, mabega yamelegea, kama watu waliopanga foleni wakasahauliwa. Kila moja ilikuwa imekwisha kushika umbo la mwenyewe: hii ina tumbo, hii magoti yamejikunja. Nilisita mlangoni.

"Hawaumi," akasema. "Jaribu. Hata ukivaa zote utabaki kuwa yule yule mwembamba."

Nilijaribu moja baada ya nyingine. Alinifundisha kubana mpira kwa vidole pale mgongoni, juu kidogo ya makalio, na kwapani: ukiweza kuushika na kuuvuta, maji yatakaa hapo. Nyingine mishono yake ilionyesha mwanga nilipoinyanyua dirishani. Mwisho zilibaki mbili. Moja nene, milimita tano, karibu mpya, imelegea kidogo tu kiunoni. Ya pili milimita nne, imechakaa magotini, lakini shingo yake ilinibana hata nikaivua kabla ya kufunga zipu.

"Ya pili," akasema.

"Ya kwanza ni nene."

"Wena, unene utakusaidia nini ukiwa umebeba bwawa ndani?"

Nilijua anasema kweli. Nilijua pia nitachukua ile nene, nijiambie kiunoni ni kidogo tu. Hivyo ndivyo hofu yangu inavyofanya kazi, inavaa nguo za uangalifu. Nikaomba zote mbili hadi kesho.

Mama alikuwa peke yake kwenye kona nilipofika. Nikaziweka juu ya meza ya kukatia, moja kando ya nyingine, nikasema, "Nichagulie."

"Umemletea ndugu zake?" Akaitazama ile ya kwanza ya Durban, iliyokuwa bado imekunjwa chini ya meza. Kisha akaweka mkasi pembeni. "Vaa, nione."

Ile nene niliivaa haraka. Alizunguka nyuma yangu, akabana pale pale alipobana mwendesha kebo bila kuambiwa na mtu.

"Hapa pana mfuko. Vua."

Ya pili ilikuwa vita. Nilivaa mifuko ya plastiki miguuni ili ipite, nikaruka kwa mguu mmoja, nikajigonga kwenye ubao, jirani akauliza kuna nini. Mama alianza kucheka, akafunika mdomo.

"Unavaa au unazaliwa?"

"Nisaidie, mama."

Akavuta mabega, akavuta zipu juu, polepole, mpaka shingoni, akabandika kile kifuniko cha nyuma. Nikahisi mikono miwili kooni. Chumba kikapungua. Nilivuta hewa ikaishia mdomoni.

"Fungua."

Hakufungua.

"Mama, fungua, siwezi."

Aliweka kiganja katikati ya mgongo wangu na kukibakiza hapo. Akasema nyuma yangu, kwa sauti ile anayowaambia wateja wasitikisike:

"Baba yako nilimshonea koti la safari. Usiku ziwani kuna upepo, nikasema avae kitu cha joto. Nikaweka ezansi kubwa, ili avae na sweta ndani. Alilipenda. Alisema ndani yake mtu anaweza kucheza mpira." Akaigusa zipu kwa mkono wa pili. "Mmoja wa waliotoka hai alinisimulia. Wenzake walivua nguo majini. Yeye koti lilijaa kabla hajapata kifungo cha kwanza. Alisema lilimshika kama mtu."

Sikugeuka. Sikumwambia kwamba namjua mtu huyo, kwamba nimempiga kiwiko.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba ni mshono wangu?"

"Ilikuwa dhoruba, mama."

"Dhoruba iliwapata wote." Kiganja kikasukuma kidogo. "Pumua. Usipigane nayo. Pumua, uone."

Nikapumua. Mpira ukapanuka. Nikatoa pumzi, ukarudi nami, bila kuchelewa, kama ngozi. Nikapumua tena. Bado ulinikaba, na sitadanganya kwamba hofu iliondoka, lakini hewa ilikuwa inafika chini. Mama akajaribu kuingiza kidole shingoni, kikakataa. Akajaribu kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti, kwa uangalifu ule ambao nadhani nimeurithi. Mara mbili alirudi shingoni.

"Haina ezansi hata ya kumeza mate," akasema. "Nguo mbaya kabisa." Akazunguka mbele yangu. "Nenda na hii. Ukitoka majini unipigie. Usingoje kukauka."

Jumamosi kulikuwa na mteja mmoja tu, na barafu kwenye ngazi. Bosi alinibana mgongoni, akabana kwapani, akatikisa kichwa kukubali. Mwendesha kebo akaniuliza kama nimekuja kama pengwini au kama mtu. Nikashika mpini.

Nilizunguka mara moja. Ya pili nilianguka kona ile ile ya kivuli, na nadhani nilijiachia, kwa sababu nisingeweza kuendelea bila kujua. Kichwa kilizama, kikatoka. Nikalala chali, nikangoja. Uso uliniuma kama umechapwa. Maji yaliingia kwenye vifundo vya mikono, uzi mwembamba, yakapanda hadi viwikoni, yakasimama, yakaanza kuwa ya uvuguvugu. Nilingoja mgongoni. Nilingoja sana. Mwamba ulikuwa juu yangu na mbingu ya baridi isiyo na wingu hata moja, na nilimsikiliza kwa mwili mzima, kama unavyosikiliza chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi. Sijui kama nilifurahi. Palikuwa patupu, na utupu huo nao ulikuwa na baridi yake.

Mwendesha kebo alipaza sauti kutoka ufukweni, "Umelala? Tukuletee blanketi?" Nikainua mkono.

Kwenye ngazi, vidole vimekufa, nilimpigia mama kwa kubonyeza simu kwa pua. Alipokea kabla haijaita vizuri.

"Umetoka?"

"Nimetoka."

"Maji yaliingia?"

"Kidogo, mama."

"Wapi?"

"Mikononi. Kwenye vifundo."

Nilisikia anapumua.

"Na kifuani?"

"Kifuani hayakufika."

Nikasikia cherehani yake inasimama. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu tuhame Uvira, sauti ndogo kwanza, halafu kubwa, na viti vinasukumwa, na mafundi wa upande wa pili wanamwendea, mmoja anasema, pole mama, pole, nani amekufa? Naye akamjibu, katikati ya kulia, kwa jina la baba yangu.

Nilikaa kwenye ngazi na simu sikioni, suti imenikaba shingo, nikamsikiliza mpaka bosi akaniita kwamba mteja yuko tayari kuingia.